Cheti cha Simba Asiyelala

Mwenzangu, acha unachofanya usome hii. Kobe wetu kaumbuka!

Unajua mashine yetu inayojenga programu hairuhusiwi kuingia kwenye seva ya wateja mpaka ionyeshe cheti cha kidijitali, yaani kitambulisho chake? Kobe ndiye aliyekiomba kwa hao wateja. Penye jina la mwenye cheti akajaza SIMBA ASIYELALA. Kobe! Anayesinzia hata akiwa amesimama!

Sasa leo yule mama anayesimamia usalama wa seva kule kwa wateja kaja mwenyewe, kanuna. “Namtaka Simba Asiyelala. Mwezi mzima anaingia kwenye seva yetu kila dakika kumi. Hata chooni haendi!”

Hata chooni haendi, mwenzangu!

Bosi akatukodolea macho mmoja mmoja. Kobe jasho linamtiririka, anatamani ardhi ipasuke immeze. Mwisho akanyoosha mkono. “Ni mashine, mama. Jina nilijaza mimi. Nilijua hakuna atakayelisoma.”

“Na wewe unaitwa nani?”

Kabla hajafungua mdomo, ofisi nzima ikamjibia: “Kobe!”

Mama wa watu hakucheka. Akaliandika jina hilo, akaondoka.

Cheti kipya kimeingia sasa hivi kutoka kwao. Jina la mwenye cheti: KOBE.

Kinadumu miaka mitano.