Nilivyomwitikia Mskoti Jukwaani

Satwa, Dubai

Mdogo wangu Mghanga,

Kaa chini kwanza, habari hizi hazisomwi mtu akiwa amesimama. Kama nilivyowaandikia barua iliyopita, bahati imenitafuta Dubai nzima mpaka ikanipata: kaka yako ni mwigizaji. Mskoti mmoja, mtu wa sinema, amenipandisha jukwaani, na mkataba wangu ukiisha ananichukua kwao Uskoti. Wangapi hapo Wundanyi wamewahi kuambiwa hivyo?

Mimi ni mzima, ila joto limenikausha kama samaki wa gunia. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Na wewe, kile kikohozi kimekuacha? Barua yako imefika. Unasema umechoka na chuo cha ualimu, picha za pasipoti umeshapiga, unangoja neno langu tu uje tuigize wote. Basi nikueleze kazi yenyewe ilivyo.

Kampuni yetu ya ulinzi ilinitoa kwenye ghala huko Rashidiya ikanipeleka hoteli moja yenye ukumbi wa michezo, nilinde mlango wa nyuma, ule wa wasanii. Huko ndiko nilikokutana na huyo Mskoti, mzee wa makamo. Mrefu, nyusi kama brashi ya viatu. Mchezo kautunga mwenyewe na anaucheza peke yake: baba anasimulia jinsi mkewe alivyougua mpaka akafa. Kila alasiri alikuja mapema, akakalia kiti changu, mimi nikasimama, naye akaandika kwenye daftari.

Nikamuuliza, "Sir, unamwandikia mama watoto?"

"Riwaya," akasema. "Ya nne."

"Na zile tatu?"

"Mbili amezisoma dada yangu. Ya tatu alisema ana kazi nyingi."

Nikamcheka, naye akacheka, tukawa marafiki. Akanieleza baba yake alikuwa akichomea vyuma vya meli. Yeye mwenyewe alifundisha shule miaka kumi na mmoja, akiandika alfajiri kabla ya kengele, Jumamosi akiigiza katika kumbi za makanisa. Nikamwambia, "Kumbe kipaji hukuwa nacho bado." Akasema, "Kipaji kilikuwepo. Kilichokosekana ni chakula."

Siku ya kwanza ya maonyesho ukumbi ulijaa, masir na mamadam watupu, wananukia. Nikafunga mlango wangu kwa komeo, nikasimama nyuma ya pazia la jukwaa. Mzee akasimulia, akasimulia, mpaka pale mke anapoomba maji naye anakwenda jikoni kuyaleta. Hapo akanyamaza. Kimya, Mghanga, hata kikohozi hakuna.

Sasa wewe unajua kwetu. Mtu anakusimulia msiba wake, anakwama, halafu umtazame tu? Nyanya angekushukia na mwiko. Nikaitikia, "Enhee." Na sauti yangu unaijua, haijui kunong'ona.

Watu wakatazamana. Mzee akalitazama pazia. Nikajua khalas, kazi imekwenda, lakini mdomo ulikuwa umeshatangulia: "Ikawaje?"

Akanigeukia. Wallahi, kama wasemavyo wenzangu hapa, yaliyobaki yote alinisimulia mimi niliyesimama nyuma ya pazia, kwa sauti ya chini, mpaka akafika kwenye glasi ambayo haikunywewa. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa mstari wa mbele alilia mpaka wanja ukamfika kidevuni.

Baadaye akaja mlangoni akaketi. "Kimya kile nilikitengeneza miezi mitatu," akasema. "Umekiua."

"Pole, sir. Kwetu mtu hasimulii peke yake."

Akalifungua daftari lake. Kisha akanipa kalamu na daftari, akasema, "Niandikie hilo neno." Nikaandika ENHEE kwa herufi kubwa. Nadhani sasa limo katika riwaya ya nne.

Msalimie shangazi Mkamburi, muuza ndizi, mwambie kitenge nimekiona Satwa, bado tunabishana na fundi. Mjomba Mwachofi wa baiskeli nampa mkono. Mchungaji mwombe asinitangaze tena kanisani, na sababu ni hii inayofuata. Mama umweleze wewe, taratibu, baada ya ibada.

Ya ualimu wake na ya kuitikia ni kweli tupu, niliyaona na kuyasikia. Ya Uskoti nimeyatunga. Asubuhi yake supavaiza aliniambia, "Yalla, nenda maegesho," na tangu siku hiyo napanga magari juani. Mzee alimaliza maonyesho yake akarudi kwao, hatukuonana tena. Hakuna aliyenipandisha jukwaani na hakuna kazi ninayoweza kukupatia. Rudi chuoni Jumatatu. Mimi si mwigizaji, Mghanga, niliwadanganya.

Kaka yako,
Mwadime