Mukwe aliniwekea sombe bila nyama

Mudogo yangu Ngalula, minye mukubwa yako niko Likasi, nimeshiba, mugongo tu njo inalalamika. Binti yangu anaandika vile ninasema.

Kila nikifika kwake, bwana yake Kasongo ananipa nyama ya pori, kwani anajua kuku sikuli. Jana akaniwekea mbele bukari ya unga ya mahindi na sombe, majani ya muhogo na kalanga tu. Basi! Nikasimama, nikashika sakosi yangu ya nguo niende. "Kasongo, unanizarau?"

Akapiga magoti, yeye mupasua mawe wa machimbo ya Kakontwe, yeye aliyekuwa anatafuna mpaka mifupa!

"Hapana, mama. Bawindaji banachoma pori yote juu ya tumbo yetu. Nikikula, ni minye nimewasha moto. Nimeacha. Leo niliogopa weye kuliko njaa, lakini siwezi kukudanganya."

Nikaketi. Mutu bila meno kuacha nyama, ni nini? Lakini huyu, tena mbele ya mama-mukwe! Nilimaliza sahani, nikaomba ingine.

Ile mguu ya swala unanikaushia, kula weye yote, usinunue ingine. Minye nikirudi unipikie maharage, na usibanie chumvi. Nakukumbatia mpaka mbavu ilie.

Mukubwa yako, Mbombo