Shuka Alilojitanda Mama

Kulwa,

Marahaba, mjukuu wangu. Huku Kambarage, ambako bado najiona mgeni, pacha wako Doto amejifungua salama.

Sasa nawe umeingia kazi ya forodha, unauliza enzi zetu pale forodhani tulijuaje kama shuka la pamba kutoka nje ni la kitandani au ni vazi, maana ushuru wake hutofautiana. Tulitazama lilivyokatwa na kushonwa, na limekusudiwa kazi gani.

Nilipoanza kazi hiyo nilimpelekea mama shuka jeupe lenye maua ya buluu. Jumapili akajitanda nalo kwenda kanisani, Segese. Mlangoni jirani akacheka: "Mama Masanja, leo umejitanda kitanda!"

Mama akanigeukia kwa fahari. "Masanja ndiye anayezipanga nguo kwa aina huko forodhani. Mwanangu, waambie hili ni nini."

Wote wakanitazama. Nikasema, "Ni la kitandani, mama."

Akalivua, akalikunja, akalipakata ibada nzima. Mwanamke aliyelima pamba maisha yake yote.

Jibu lilikuwa sahihi, Kulwa, na hadi leo linanitia aibu. Wewe kazini andika hivyo hivyo. Lakini kanisani hapakuwa na ushuru wa kukadiria. Ningesema tu ni vazi lake.

Babu yako,
Masanja