Upepo Umenyamaza, Mimi Bado Naimba

Jumamosi. Tangu asubuhi upepo wa ziwa unapiga mtaa wetu wa Mabanga, na vumbi jeusi limeingia mpaka ndani ya sahani. Mama amekasirika. Mimi nilifurahi, na ngoja nieleze.

Juu ya parsele yetu, yaani kiwanja chetu, unapita waya wa umeme, kutoka nguzo ya barabarani hadi nyumba ya nyuma. Kuraa, tunavyoita umeme, hupita humo siku inapotaka. Lakini upepo ukiupiga, waya unaimba. Ni sauti moja ndefu, mmm, kama mtu aliyefunga mdomo. Upepo ukizidi, sauti inapanda, ukipungua, inashuka. Kamba ya nguo iliyo chini yake inapigwa na upepo uleule, ila yenyewe inarukaruka tu na mashuka yake. Mwalimu wa fizike alitueleza kwa Kifaransa: hewa inauzunguka waya, unatetemeka haraka mno, jicho halioni lakini sikio linasikia. Nilielewa vizuri. Alipouliza nani anaweza kurudia, sikunyoosha mkono.

Sinyooshagi mkono.

Basi, shajara, siri ni hii: waya ukiimba, nami naimba chini yake. Kwenye korale, kwaya yetu ya kanisani, nachezesha midomo tu, mstari wa nyuma. Chini ya waya natoa sauti yote, kwa sababu unanifunika.

Sasa Yaya Espérance, dada mkubwa anayeongoza korale yetu, alinipa zaburi ya misa ya kesho. Peke yangu, mbele ya watu, eti kila mtu ana zamu yake. Nilipanga kumwambia leo kwenye mazoezi kwamba koo linaniuma.

Mchana nikataka niiimbe hata mara moja kabla ya kuikataa. Nikafunga macho. Katikati ya ubeti wa pili upepo ukakatika ghafla. Waya ukanyamaza. Mimi sikujua, nikaendelea.

Nilipofungua macho, Mama Furaha, jirani yetu, alikuwa ameacha kutwanga sombe, majani ya muhogo, mchi ameushika hewani.

“Kumbe ni wewe!” akasema. “Mimi nilifikiri kuraa imerudi, radio ya mutu inaimba. Nimesha weka na telefone ku chaji!”

Mama akacheka mpaka akasahau vumbi. “Mutoto yangu iko na sauti hivi, na ananifichaga?”

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini ardhi yetu ni mawe ya volkano, haimezi mtu. Nikabaki nimesimama.

Ajabu ni kwamba aibu yenyewe haikuuma.

Jioni kwenye mazoezi Yaya Espérance akaniuliza kama niko tayari. Koo lilikuwa zima kabisa. Nikasema “Oui, Yaya” kwa sauti ndogo, akanifanya nirudie.

Naogopa, sikatai. Ila ni woga wenye utamu ndani yake. Nilipokuwa narudi, Mama Furaha, ambaye ni Mprotestanti na hajawahi kukanyaga kanisani kwetu, alinisimamisha mlangoni akauliza misa yetu inaanza saa ngapi.

Ningeweza kumdanganya.

Nikamwambia saa ya kweli.