Ncha Mbili za Waya Mmoja

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya yote nauliza goti lako, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Mkaza mjomba naye hajambo? Mimi ni mzima, ila tangu Jumanne chakula hakipiti, na ukisoma hadi mwisho utajua kwa nini.

Mama ameniandikia kwamba umekataa katakata kugusa hata redio ya jirani. Eti mikono imezeeka, eti fundi aliyezima mtandao wa hospitali nzima hana haki ya kushika bisibisi. Mjomba, jamani! Wewe uliyevuta nyaya zote za hospitali ile, kuanzia mapokezi hadi maabara!

Hapa chuoni tumeanza somo la mitandao ya kompyuta. Mwalimu tumembatiza Taratibu, kwa kuwa husema neno moja, akameza mate, ndipo aseme la pili. Alianzia chini kabisa: kompyuta mbili zikiunganishwa zikazungumza, huo tayari ni mtandao, kila moja ina anwani yake, la sivyo ujumbe hauna pa kwenda; swichi, lile sanduku lenye matundu mengi, huziunganisha zilizomo ndani, na ruta hupeleka ujumbe nje kwenye mitandao mingine. Nilicheka peke yangu, maana hayo yote ulishanieleza nikikumenyea machungwa.

Siku ya Jumanne mwalimu akachukua waya mmoja, akachomeka ncha moja kwenye swichi, na ncha ya pili kwenye swichi ileile. Akatuambia tuhesabu. Hatukufika ishirini, taa za sanduku zikaanza kupepesa zote kwa pamoja kama zimepandwa na wazimu, na kompyuta zote darasani zikaganda. Akaeleza kwamba kompyuta inayomtafuta mwenzake huita wote, na swichi huupitisha mwito huo kwenye kila tundu isipokuwa lile ulimotokea. Sasa ukiweka waya unaorudi palepale, mwito unarudi, unapitishwa tena, unarudi tena, mpaka njia zinajaa na ujumbe wa maana hauna pa kupita. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilitoka nje.

Taa zile nilikwisha kuziona, Mjomba. Ni miaka mitatu sasa, siku niliyokuletea chakula kazini. Uliniacha kwenye chumba cha mitambo ukaenda kumtazamia daktari printa yake. Nikaona waya unaning'inia chini ya sanduku, ncha wazi. Unamjua dada yako alivyotulea, kitu kisizagae. Nikaona tundu tupu, nikachomeka, nikafurahi kwamba nimekusaidia. Ncha ya pili ilikoishia sikuangalia.

Siku ile majibu ya maabara hayakufika wodini, wauguzi wakashinda wakikimbia na karatasi mkononi. Fundi aliyeitwa kutoka nje alipouchomoa waya ule, alisema hilo ni kosa la mtu asiyejua kazi, na mkurugenzi akakufukuza mbele za watu. Ni mimi, Mjomba. Si macho yako, si mikono yako. Nisamehe.

Jana nimekwenda kwa mkurugenzi nikamweleza yote. Akaniambia kwamba siku ile alikuuliza mara tatu kama kuna mtu mwingine aliyeingia chumbani, na mara zote tatu ukajibu hakuna. Mlango ulinifungulia wewe, kiti ulinipa wewe. Na wiki ileile jina langu lilikuwa mezani kwake, nikisubiri hospitali iamue kama itanisomesha.

Kumbe ulijua. Ukameza aibu, ukaacha na ufundi wako, ili uongo huo usimame na mimi nisome. Nimelia mpaka mwenzangu wa chumbani akadhani nimefiwa.

Ijumaa mkurugenzi atanijibu kama nitaendelea na masomo. Akikataa, sawa, nimesema kweli na sirudi nyuma. Jina lako ameahidi kulisafisha kwa maandishi. Kwa hiyo huna tena cha kunifichia, Mjomba. Katengeneze redio ya jirani.

Msalimie mkaza mjomba, na umwambie alie kidogo tu.

Ni mimi mpwa wako,
uliyemfungulia mlango