Kondoo Mweusi wa Bibi Mosi

Mjukuu wangu Zaituni,

Kwa heshima zote naitangazia dunia kwamba jogoo wangu amenyonyolewa mkia na paka wa jirani, na sasa amejificha jikoni kwa aibu. Sisi wengine hapa Kondoa hatujambo. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba.

Umeuliza kama ni kweli nilimsaidia Bibi Mosi kulinda pango la mvua. Hadithi hiyo niliisambaza mwenyewe. Na kitambi changu hiki, uliiaminije?

Bibi Mosi ndiye aliyetambika kuomba mvua kwenye pango lile la michoro ya kale, juu mlimani. Wakaja wachimbaji wakitafuta dhahabu, eti Wajerumani waliifukia humo. Bibi akakaa mlangoni siku tatu.

"Bibi, tupishe."

"Anzeni kunichimba mimi."

Jambo moja tu lingemwondoa. Mtu akileta kondoo mweusi wa kuombea mvua, mtambikaji lazima ashuke kumpokea chini ya mlima. Mimi niliijua mila hiyo, na wachimbaji waliniahidi fungu langu. Nikapanda, nikamwambia, "Bibi, kondoo amefika."

"Asante, mjukuu wangu. Mtama wetu unakufa." Akashuka na fimbo yake.

Walipopiga sururu, mwamba ulibanduka pamoja na michoro. Dhahabu haikuwepo. Bibi akarudi akihema, akalitazama shimo, kisha akaniuliza, "Kondoo yuko wapi?"

Aliniuliza hivyo kila nilipopita, mpaka alipofariki, akiwa bado analinda lile shimo. 

Babu yako