Risasi Aliyoijaza Raza

Kizimkazi,
Jumatano.

Dada yangu Tahiya,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Maskati, wewe na wanao, na lile goti limepunguza kukusumbua. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mama anakula vizuri na anakuulizia kila siku. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu ninayotaka kukwambia siwezi kuyasema huku naisikia sauti yako.

Unajua Mjomba Abdulhakim ana bunduki yake ya kibali, na msimu ukifunguliwa huwinda paa na kanga wa porini. Risasi ni shida kupatikana, kwa hiyo huyaokota maganda matupu na kuyajaza upya mwenyewe: hutia fataki mpya ya kuwashia, hupima baruti, kisha hubana risasi mdomoni mwa ganda. Sasa macho yake yamefifia, akasema anataka kumfundisha mtu kazi hiyo. Mimi nimembebea mkoba miaka kumi na mbili, nikajua ni mimi tu. Akamchagua Raza, mume wa binamu yetu Bashira, yule fundi saa wa Mjini. Ati mkono wake hautetemeki.

Dada, roho iliniuma. Kila Ijumaa Raza alikuja na kimizani chake, wakaketi ukumbini, Mjomba akimsifu kwa kila chembe ya baruti. Mimi nilitumwa chai. Nilipoomba na mimi nijaribu, Mjomba alinijibu kuwa nina pupa. Hata Mama akaanza kuniuliza kwa nini siwi mtulivu kama Raza.

Jumamosi iliyopita tuliingia msituni sote watatu. Mjomba alimlenga kanga, akafyatua. Badala ya mlio tukasikia kitu kama mtu aliyegonga meza kwa kidole. Akatoa ganda, akatia risasi ya pili, akainua bunduki. Raza akamrukia, akamshika mkono.

"Mjomba, usipige. Ile ya kwanza imekwama ndani ya mtutu."

Tulipochungulia, kweli ilikuwamo. Angepiga, mtutu ungempasukia usoni. Raza akasema kosa ni lake, labda alisahau kutia baruti. Mjomba hakumgombeza. Tulipofika nyumbani alikichukua kile kimizani, akanipa mimi, kazi sasa ikawa yangu.

Dada, Raza hakusahau. Ijumaa ile walipoinuka kwenda kula, niliichomoa risasi moja kwenye ganda lake kwa koleo, nikamwaga baruti, nikairudisha ilivyokuwa. Nilidhani itagoma tu, naye aaibike. Sikujua kwamba ningeweza kumuua Mjomba.

Raza alinivuta pembeni kabla ya kurudi Mjini. "Zote nlizipima, Shamsi," aliniambia, "kila moja mara mbili." Na hajamwambia mtu, hata Bashira.

Kesho asubuhi nakwenda kwa Mjomba kumweleza yote. Barua anakuja nayo jirani yetu Riyama, anasafiri leo; nimetaka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa wengine. Na nisikufiche, wivu haujaniisha. Mwanzo nilimwonea wivu Raza kwa mkono wake. Sasa namwonea wivu kwa kule kunyamaza kwake, maana najua mimi nisingeweza.

Wabusu watoto, na uniombee kwa Mungu.

Mdogo wako,
Shamsi